Ujumla na Umahususi katika Usawiri wa Mtu: Uhakiki wa Nadharia na Picha za Joshua Reynolds (1723–1792)

Ikisiri

Makala haya yanahakiki uhusiano uliopo kati ya nadharia ya uchoraji iliyofundishwa na Joshua Reynolds, rais wa kwanza wa Chuo cha Kifalme cha Sanaa cha Uingereza, na picha za watu alizozichora katika maisha yake ya kazi. Nadharia hiyo ilimtaka mchoraji aache yaliyo mahususi kwa mtu mmoja na kuyafuata yaliyo ya jumla kwa wanadamu wote. Riziki ya Reynolds, hata hivyo, ilitokana na watu mahususi waliomlipa ili wafananishwe. Kwa kuchambua picha kadhaa, zikiwemo zile za Augustus Keppel, Lady Sarah Bunbury, Sarah Siddons, Samuel Johnson, Mai wa Raiatea na kijana Mweusi ambaye jina lake linabishaniwa, makala yanabainisha kwamba ujumla katika kazi za Reynolds humpa mchorwa hadhi, lakini haumpi utu wake. Utu hujitokeza pale sheria ya mchoraji inapolegezwa au inaposhindwa.

1.0 Utangulizi

Usawiri ni miongoni mwa dhana zinazotumika sana katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili. Mhakiki huuliza iwapo mhusika amejengwa kama mtu kamili au kama kielelezo cha tabaka, jinsi au maadili fulani. Swali hilohilo linaihusu sanaa ya kuchora picha za watu, na huko lina uzito wa ziada, kwa kuwa anayesawiriwa aliishi kweli, alikaa mbele ya mchoraji, na mara nyingi ndiye aliyelipa. Katika makala haya mtu huyo anaitwa mchorwa.

Joshua Reynolds anafaa kuchunguzwa kwa swali hilo kuliko wachoraji wengi wa wakati wake, kwa sababu aliacha kazi za aina mbili zinazoweza kulinganishwa. Ya kwanza ni picha zake nyingi. Ya pili ni Hotuba 15 alizozitoa mbele ya wanafunzi na wanachama wa Chuo cha Kifalme cha Sanaa kati ya 1769 na 1790, ambamo alieleza kwa utaratibu uchoraji ni nini na ubora wake unapimwaje. Ni nadra mchoraji kuacha sheria na matendo yakiwa wazi namna hii. Mshairi na mchoraji William Blake, aliyezisoma Hotuba hizo kwa hasira na kuandika majibu yake pembezoni mwa kurasa, alimwona Reynolds kuwa adui wa sanaa hasa kwa sababu ya kuutukuza ujumla. Kwa Blake, maarifa yote ya kweli yalikuwa ya mambo mahususi. Makala haya hayakusudii kumtetea mmoja dhidi ya mwingine. Yanakusudia kuonesha kwamba mgogoro waliokuwa nao umo ndani ya picha za Reynolds mwenyewe.

2.0 Maisha na Kazi ya Reynolds kwa Muhtasari

Reynolds alizaliwa tarehe 16 Julai 1723 huko Plympton, katika jimbo la Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza. Baba yake alikuwa kasisi na mwalimu mkuu wa shule ya mji huo. Malezi hayo yalimpa mapenzi ya vitabu ambayo wachoraji wengi wa wakati wake hawakuwa nayo; akiwa bado kijana alisoma maandishi ya Jonathan Richardson kuhusu nadharia ya uchoraji, yaliyodai kwamba mchoraji anastahili kuhesabiwa pamoja na wasomi na washairi. Mwaka 1740 alipelekwa London kujifunza kazi kwa Thomas Hudson, mchoraji wa picha za watu mwenye asili ya Devon pia.

Safari iliyomjenga ni ile ya Italia. Mwaka 1749 aliondoka akiwa mgeni katika meli ya Augustus Keppel, ofisa wa jeshi la majini, na baadaye akakaa Rumi akichunguza kazi za Raphael na Michelangelo pamoja na sanamu za kale. Huko ndiko, kwa maelezo yake mwenyewe, alikopata baridi iliyomharibia usikivu kwa maisha yake yote. Alirejea Uingereza mwaka 1752, na picha ya Keppel aliyoichora mara baada ya kurudi ilimfungulia mlango wa London. Ndani ya miaka michache watu zaidi ya 100 kwa mwaka walikuwa wakiandikwa katika daftari zake za miadi. Mwaka 1760 alihamia nyumba kubwa ya Leicester Fields na akaishi humo hadi kufa.

Mafanikio yaliyofuata yalikuwa ya mtu aliyejua kujenga taasisi. Mwaka 1764 alianzisha pamoja na Samuel Johnson klabu ya mazungumzo iliyowakusanya Edmund Burke, Oliver Goldsmith na wengine. Chuo cha Kifalme cha Sanaa kilipoanzishwa mwezi Desemba 1768 alichaguliwa kuwa rais, na mwaka uliofuata mfalme akamtunuku cheo cha Sir. Katika miaka ya 1780 picha yake ya mtu mzima, kuanzia kichwani hadi miguuni, iligharimu gini 200. Kwa kazi nyingi kiasi hicho hakufanya kila kitu mwenyewe. Desturi ya studio za wakati huo ilikuwa kwamba yeye huchora uso na kupanga mkao, nao wasaidizi, kama Giuseppe Marchi aliyetoka naye Italia, hushiriki kuyakamilisha mavazi na mandhari. Mwaka 1789 alipoteza uwezo wa kuona kwa jicho la kushoto, akaacha kuchora. Alifariki tarehe 23 Februari 1792 na kuzikwa katika kanisa kuu la Mtakatifu Paulo, London.

3.0 Msingi wa Nadharia: Ujumla katika Hotuba

Katika Hotuba ya 4, iliyotolewa mwaka 1771, Reynolds aliweka wazi ngazi ya thamani ya aina za uchoraji. Juu kabisa aliuweka uchoraji wa historia, yaani wa matukio makuu ya dini, ushujaa na visasili, unaofuata kile alichokiita Mtindo Adhimu. Mchoraji wa historia, kwa maoni yake, humchora mwanadamu kwa ujumla. Mchoraji wa picha za watu humchora mtu mmoja mahususi, na kwa kuwa kila mtu mmoja ana kasoro zake, kielelezo anachokifuata kina kasoro pia.

Hoja hii iliishusha kazi ambayo msemaji mwenyewe aliishi kwayo. Reynolds aliliona tatizo hilo na akapendekeza njia ya kulitatua. Mchoraji anayetaka kumkweza mchorwa wake amsogeze kuelekea wazo la jumla: aache mikunjo midogo na upekee wa uso, na badala ya vazi la mtindo unaopita amvike vazi lisilofungwa na wakati. Mfanano, kwa mtazamo huu, hauko katika kunakili kila kiungo. Uko katika kuupata mwonekano wa jumla wa mtu.

Nadharia hii ina mambo mawili yanayopaswa kutenganishwa, ingawa Reynolds huyaunganisha. La kwanza ni dai la kisanaa: kwamba picha iliyojaa vijambo vidogovidogo huvuruga jicho, na kwamba uteuzi ni sehemu ya ufundi. Dai hili ni vigumu kulikataa. La pili ni dai kuhusu thamani ya mtu: kwamba kinachomfanya mtu astahili kukumbukwa ni kile kinachomfananisha na mashujaa wa kale. Uchambuzi unaofuata unalipima hasa dai hili la pili.

4.0 Uchambuzi wa Picha

4.1 Mkao wa Kuazima

Katika picha ya Keppel (1752–1753), iliyoko sasa katika makumbusho ya bahari ya Greenwich, ofisa huyo anatembea ufukweni huku mawimbi yakipiga nyuma yake na mkono mmoja ukiwa umenyooshwa kama anayetoa amri. Wahakiki wengi wameuhusisha mkao huo na sanamu ya kale ya Apollo iliyoko Vatican. Picha inagusia mkasa wa mwaka 1747, Keppel alipopoteza meli yake katika pwani ya Ufaransa. Mtu aliyevunjikiwa na meli amegeuzwa kuwa kiongozi asiyetikisika. Hapa nadharia inafanya kazi vizuri, kwa sababu mwili ulioazimwa unaitumikia habari ya kweli ya mtu mwenyewe.

Lakini uazimaji huo ulizua shutuma. Mwaka 1775 Nathaniel Hone aliwasilisha kwa Chuo picha ya mzee mwenye fimbo ya kichawi akiziita kazi za mabwana wa zamani zigeuke kuwa kazi mpya. Wote walielewa kwamba anayelengwa ni Reynolds na kwamba anatuhumiwa wizi wa kitaaluma. Chuo kiliikataa picha hiyo, si kwa sababu hiyo pekee, bali pia kwa sababu ilidhaniwa kumdhihaki mchoraji Angelica Kauffman. Reynolds alikuwa ameshaitoa hoja yake mwaka mmoja kabla, katika Hotuba ya 6: kuazima kutoka kwa wakale ni halali iwapo kilichoazimwa kinaunganishwa na kazi mpya hadi kiwe sehemu yake.

Kigezo hicho ni kizuri, na kinaweza kutumiwa kumpima aliyekitoa. Katika picha ya Lady Sarah Bunbury (1763–1765), iliyoko Chicago, mwanamke huyo anaonekana akiwa na vazi la kale akitoa sadaka mbele ya sanamu za miungu-wanawake wa neema. Hester Thrale, aliyemfahamu, alitania kwamba hakuwahi kutoa sadaka ya namna hiyo. Alikuwa mtu wa kucheza kriketi na kula nyama. Utani huo ni uhakiki makini. Unaonesha kwamba kilichoazimwa hakijaungana na mchorwa. Mwanamke mwenye uchangamfu wake ameondolewa, na mahali pake pamewekwa kielelezo ambacho mwanamke yeyote mzuri wa tabaka lake angeweza kukijaza.

4.2 Wachorwa Ambao Kazi Yao ni Kuigiza

Matokeo ni tofauti pale mchorwa anapokuwa mwigizaji. Katika picha ya David Garrick akiwa kati ya Tanzia na Ramsa (1760–1761), wanawake wawili wanaowakilisha tanzu hizo wamechorwa kwa mitindo miwili ya Kiitaliano, mmoja mkali na mwingine laini. Katikati yao Garrick anatabasamu kwa aibu, kama mtu anayeomba radhi kwa kuvutwa na Ramsa. Wanawake ni wa jumla, lakini tabasamu ni la Garrick peke yake, na mvutano huo ndio maana yote ya picha.

Picha ya Sarah Siddons kama Mungu-mwanamke wa Tanzia (1784), iliyoko San Marino, California, inakwenda mbali zaidi. Siddons ameketi katika kiti cha enzi kwa mkao unaokumbusha manabii wa Michelangelo katika kanisa la Sistina, na nyuma yake yamesimama maumbo mawili ya gizani. Kwa mara nyingine nadharia inashinda, ila sababu yake inahitaji kuelezwa. Siddons alijulikana kwa uwezo wa kuwa zaidi ya mtu mmoja jukwaani. Kumpa umbo la Tanzia yenyewe ni kumsawiri katika kazi yake halisi. Ujumla hapa ni sifa mahususi ya mchorwa. Haukuletwa kutoka nje ili kuficha kitu.

4.3 Marafiki na Nafsi

Ushahidi mzito dhidi ya nadharia unatoka katika picha ambazo Reynolds alizichora bila shinikizo la mteja. Johnson alikuwa na macho dhaifu. Katika picha ya mwaka 1775 hivi, Reynolds alimchora akiwa amekikunja kitabu na kukisogeza karibu kabisa na uso, akikisoma kana kwamba anapigana nacho. Johnson alilalamika kwamba hakutaka kukumbukwa na vizazi vijavyo kwa kasoro yake. Malalamiko hayo yanafaa kutazamwa kwa makini, kwa maana Johnson alikuwa akimdai Reynolds atimize nadharia yake mwenyewe: upekee uachwe, mtu akwezwe. Mchoraji alikataa, na kwa kukataa alitoa picha inayoonesha bidii ya akili kuliko joho lolote la Kirumi.

Wakati huohuo Reynolds alijichora mwenyewe akiwa ameweka mkono nyuma ya sikio, kiziwi anayejitahidi kusikia. Picha hiyo ilikusudiwa kuwekwa katika maktaba ya familia ya Thrale, mahali pa mazungumzo ya marafiki. Ikilinganishwa na ile ya mwaka 1780 hivi aliyoichora kwa ajili ya Chuo, ambamo amevaa joho la udaktari alilotunukiwa Oxford na kusimama kando ya sanamu ya kichwa cha Michelangelo, tofauti iko wazi. Katika picha ya Chuo anaonekana rais. Katika picha ya maktaba anaonekana mtu anayewahitaji wenzake, hata kama anawasikia kwa shida.

4.4 Mai wa Raiatea

Picha inayoiweka nadharia katika mtihani mgumu kuliko zote ni ile ya Mai, iliyooneshwa katika Chuo mwaka 1776. Mai, aliyejulikana Uingereza kama Omai, alitoka kisiwa cha Raiatea katika Bahari ya Pasifiki. Hata jina alilopewa lilikuwa kosa la kusikia: herufi ya kwanza ni kiambishi kinachotangulia majina katika lugha ya Kitahiti, si sehemu ya jina. Alifika Uingereza mwaka 1774 kwa meli ya Tobias Furneaux, akapelekwa mbele ya mfalme, akakaribishwa katika nyumba za wakubwa, kisha akarudishwa Pasifiki na James Cook katika safari iliyoanza 1776. Hakuwa mtu wa tabaka la juu kwao. Familia yake ilikuwa imepoteza ardhi baada ya wapiganaji wa Bora Bora kuivamia Raiatea, naye alitafuta silaha na washirika wa kuirejesha.

Katika turubai yenye urefu wa zaidi ya mita 2.3, Mai amesimama pekupeku, amevaa joho jeupe pana na kilemba, mkono umenyooshwa, na nyuma yake kuna mandhari yenye mitende. Ni mkao uleule uliotumika kwa Keppel, wa mtu wa kale anayehutubia. Wahakiki wametofautiana iwapo vazi hilo linakumbusha nguo za magome ya miti za Pasifiki, vazi la Kirumi, au mavazi ya mashariki. Kutofautiana huko ni ushahidi tosha kwamba vazi halimtaji mtu wa mahali pamoja.

Tafsiri mbili zinawezekana. Ya kwanza ni kwamba Reynolds alimheshimu Mai kwa heshima kubwa kuliko zote alizokuwa nazo. Katika picha nyingine za Reynolds, kama ile ya Lady Elizabeth Keppel (1761), mtu Mweusi anaonekana pembeni akimhudumia mchorwa mkuu. Mai yuko peke yake, katikati, bila bwana. Tafsiri hii inapata nguvu katika Hotuba ya 7, iliyotolewa Desemba mwaka huohuo wa 1776. Humo Reynolds anamweka Mzungu aliyejipaka unga nyweleni kando ya mtu wa Cherokee aliyejipaka rangi usoni, na kusema kwamba atakayeanza kumcheka mwenzake ndiye mshenzi. Kwa rais wa taasisi ya kifalme katika karne ya 18, kauli hiyo haikuwa ndogo.

Tafsiri ya pili ni kwamba heshima hiyo ilitolewa kwa sharti. Ili Mai astahili kutazamwa kama sawa na Keppel, ilibidi awe shujaa wa Kirumi aliyezaliwa visiwani. Mdai ardhi aliyetafuta bunduki hayumo. Mchoro wa awali wa penseli ulioko Canberra na ule wa rangi ulioko Chuo Kikuu cha Yale vinaonesha uso ulio karibu zaidi na mtazamaji. Katika picha kubwa uso huo umetulizwa.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo nadharia haikulifuta. Mikononi mwa Mai inaonekana michoro ya tatuu. Katika Hotuba ya 7 Reynolds aliuvumilia mtindo wowote wa kujipamba, lakini aliwekea mpaka ile inayouumiza mwili, akitaja desturi za Tahiti pamoja na mikanda iliyowabana wanawake wa Kiingereza. Alichokishuku katika hotuba, alikichora katika picha. Michoro hiyo ni maandishi ya kwao Mai, yaliyoandikwa na mikono ya watu wa kwao. Ndiyo sehemu pekee ya picha ambayo Reynolds hakuibuni wala hakuiazima kwa Wakale, na mtazamaji akishaiona, joho lote jeupe hugeuka kuwa kitu kilichowekwa juu ya mtu ambaye tayari alikuwa na alama zake.

4.5 Kijana Mweusi

Katika mkusanyiko wa Menil, Houston, imo picha ya kijana Mweusi iliyochorwa karibu mwaka 1770 na kuachwa bila kukamilika. Wengine wamemtaja kuwa ni Francis Barber, aliyezaliwa utumwani Jamaika na baadaye kuwa mtumishi na mrithi wa Johnson; wengine humwona kuwa mtumishi wa Reynolds mwenyewe. Mwili umeguswa kwa brashi chache tu. Uso umekamilishwa kwa utulivu na umakini, macho yakitazama kando, mbali na mtazamaji. Hakuna vazi la Kirumi, hakuna mkao wa sanamu, wala hakuna bwana wa kumhudumia.

Hapa ndipo mgogoro wa kazi ya Reynolds unapofikia kilele. Watu ambao majina yao yamehifadhiwa kwa vyeo vyote mara nyingi wamefunikwa na ujumla. Mtu ambaye jina lake halina uhakika ana mojawapo ya nyuso mahususi zaidi alizopata kuzichora. Hakuna aliyelipa ili akwezwe, kwa hiyo hakuna kilichopunguzwa usoni pake. Lakini umahususi huo haukumpa kile ambacho ujumla uliwapa wengine: kumbukumbu ya yeye ni nani. Kwa hiyo si sahihi kuhitimisha, kama alivyofanya Blake, kwamba mahususi pekee yanatosha. Uso bila jina na hadhi bila uso ni hasara mbili tofauti.

5.0 Rangi na Udumu

Jambo la mwisho linahusu malighafi. Reynolds alitaka vazi la kudumu badala ya mtindo unaopita, ili picha zake zizungumze na vizazi vijavyo. Lakini alikuwa mtu wa majaribio. Alichanganya mafuta na nta na vanishi, akatumia rangi nyekundu zisizostahimili mwanga, na tabaka zilizopasuka zilipokauka. Wekundu wa mashavu ulianza kutoweka akiwa bado hai, na wateja walilalamika. Nyuso nyingi sasa zimebaki za rangi ya chaki.

Watetezi wake walijibu kwamba picha ya Reynolds iliyofifia bado inaizidi picha nzima ya mwingine. Huenda ni kweli, ila jibu hilo halifuti kinaya kilichopo. Joho, lililokusudiwa kuwa alama ya udumu, limebaki. Damu ya usoni, iliyokuwa ya mtu mmoja kwa siku moja, imeondoka. Wakati umezifanyia baadhi ya picha hizo yaleyale ambayo nadharia ilikuwa imeyaamuru. Matokeo yake ndiyo hoja kubwa dhidi ya nadharia hiyo, kwa sababu hakuna mtazamaji anayeuona upotevu huo kuwa ni ukwezaji.

6.0 Hitimisho

Uchambuzi umebainisha mambo matatu. Kwanza, ujumla katika picha za Reynolds hufaulu pale unapolingana na kazi au tukio la mchorwa, kama kwa Keppel na Siddons, na hushindwa pale unapowekwa kama pambo la tabaka, kama kwa Lady Sarah Bunbury. Pili, pale urafiki ulipochukua nafasi ya malipo, Reynolds aliivunja sheria yake na kusawiri kasoro kama sehemu ya utu. Tatu, picha ya Mai inaonesha kwamba kumkweza mtu kwa kipimo cha wengine ni heshima yenye gharama, na gharama hiyo hubebwa na mkwezwa.

Mwaka 2023 majumba mawili ya sanaa, moja la London na jingine la Los Angeles, yaliungana kuinunua picha ya Mai kwa pauni milioni 50. Kutokana na makubaliano hayo picha hiyo itakuwa ikioneshwa kwa zamu katika nchi mbili, na hakuna kati yake iliyokuwa nchi ya Mai. Tafiti zijazo zinaweza kuchunguza jinsi watu wa Raiatea na Tahiti wanavyoisoma, hasa michoro ya mikononi, ambayo mtazamaji wa mwaka 1776 aliiona lakini hakuwa na namna ya kuisoma.